Mgongo wa Picha

Kwa miaka thelathini na moja Mzee Bahasha alikuwa mtunza picha wa gazeti, na katika miaka hiyo yote hakuna picha iliyotoka mikononi mwake bila kuandikwa mgongoni. Aliandika kwa penseli, kamwe si kwa wino, kwa sababu wino hupenya karatasi na baada ya mwaka mmoja hutokeza usoni mwa mtu kama ndui. Tarehe. Mahali. Nani yuko kushoto, nani yuko kulia. Nani kapiga. Ilichapwa lini, ukurasa wa ngapi. Na kama haikuchapwa, aliandika hivyo, na akamtaja aliyeizuia. Kisha picha ikaingia kwenye bahasha ya kaki, bahasha ikaingia kwenye droo, droo ikafungwa. Jina la Bahasha alibandikwa na wachapaji kwa mzaha, nalo likamganda hata mkewe akalizoea.

"Usiniletee picha isiyo na mgongo," alikuwa akiwaambia waandishi wapya. "Sitaki mgeni asiyejitambulisha kwenye kabati langu."

Hayo yalikuwa ya zamani, gazeti lilipokuwa gazeti. Ukurasa wa pili, chini kushoto, palikuwa na kisanduku kidogo chenye kichwa "Tulikosea", na mhariri wa siku hizo alikuwa mkali juu ya kisanduku hicho kuliko juu ya ukurasa wa kwanza. Mtu akikosea jina la marehemu, kesho yake asubuhi kosa lilikuwa limeshasahihishwa kabla ndugu hawajafika ofisini kugomba. Siku hizi kisanduku hakipo. Si kwamba makosa yameisha. Nafasi ile imechukuliwa na tangazo la mabati.

Gazeti lilikonda kutoka kurasa ishirini na nne hadi nane, na katika hizo nane tatu zilikuwa matangazo ya baraza la mji. Mwishowe chumba cha picha kikatakiwa kwa kazi nyingine na Mzee Bahasha akaambiwa ahsante. Alipouliza picha zitakwenda wapi, akaonyeshwa pipa la taka kwa kidole. Alikodi mkokoteni. Alikwenda na kurudi mara nne, akahamishia nyumbani masanduku kumi na moja ya bati, akayapanga chumbani hadi mkewe akabaki na upenyo wa kulala kiubavu.

"Nimeolewa na kabati," mkewe alikuwa akiwaambia wenzake sokoni, ambako aliuza ndoo na mabeseni kwa miaka ishirini na mbili. "Na kabati lenyewe linakoroma."

Faraja yake iliyobaki ilikuwa kibaraza. Kila asubuhi alikaa pale na gazeti lake, na majirani walipita wakasimama. "Mzee, gazeti linasemaje leo?" Akawasomea mawili matatu, akaongeza ya kichwani mwake: huyu diwani baba yake alikuwa nani, lile daraja lilianguka mara ya kwanza mwaka gani. Kinyozi wa jirani alikuwa akija na kigoda chake mwenyewe. Ilikuwa nusu saa tu kwa siku, lakini nusu saa hiyo ndiyo iliyomfanya avae shati safi.

Ndipo likaja suala la soko, na kigoda cha kinyozi kikahama.

Aliyemnyang'anya watu wake hakuwa mgeni. Alikuwa mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, aliyelelewa ndani ya nyumba hiyohiyo tangu ana miaka minne, na Mzee Bahasha ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa vichwa vya habari, kidole chini ya kila neno. Sasa alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, na mlango wake ulitazamana uso kwa uso na lango la mbele la soko.

Baraza la mji lilipotangaza kwamba soko litavunjwa, pajengwe maegesho na maduka ya vioo, wauzaji walianza kukaa barabarani kila asubuhi, wamepanga mabeseni yao kama ukuta. Gazeti likaandika: "Wafanyabiashara waupokea kwa furaha mpango wa soko." Chini yake, nusu ukurasa, tangazo la baraza. Siku hiyo Msusi alikuwa na kichwa cha mteja magotini. Aliegemeza simu yake kwenye kopo la mafuta ya nywele, akaielekeza barabarani, akarusha matangazo moja kwa moja mtandaoni, huku akiendelea kusuka na kusema anachokiona.

"Waliokaa ni mia mbili na kumi na sita, nimewahesabu mara mbili. Yule mwenye kipaza sauti ni mwenyekiti wa wauza mboga. Kama kuna mwenye furaha hapo, jamani, mimi sijamwona. Labda amejificha nyuma ya nyanya."

Basi. Ilianza hivyo, kwa kopo la mafuta na utani wa nyanya, na ndani ya wiki tatu mji mzima ulikuwa unasema "Msusi kasema". Kinyozi alisema Msusi kasema. Dereva wa gari la maji alisema Msusi kasema. Askari wa mji wakikaribia barabara, watu walijua kabla askari wenyewe hawajashuka kwenye gari, na wengine wakaja mbio kukaa na wale waliokaa.

Mzee Bahasha alikuwa akiazima simu ya mkewe na kujifungia nayo chooni. Alimtazama mpwa wake kwa saa nzima, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na jicho lake halikuwa kwa waandamanaji bali kwenye ile namba ndogo ya juu inayoonyesha watazamaji. Elfu nne. Elfu nne na mia sita. Gazeti, siku lilipokuwa na afya, liliuza elfu tisa, na kazi hiyo ilifanywa na watu sitini, na mtambo wenye sauti ya treni, na mtu mmoja anayesoma kwa sauti kila mstari na mwingine anayefuata kwa kidole. Huyu ana kitana na chaja ya simu! Haikuwa chuki; angeulizwa angeapa kwamba anampenda mtoto huyo kuliko kitu chochote. Lakini wivu haukuomba ruhusa kwa upendo. Ulimkaa kooni kama mfupa, akimeza unashuka, akitazama simu unapanda tena.

Alinunua daftari. Ndani yake akaanza kuandika makosa ya Msusi. Kosa la kwanza: kasema diwani wa kata, kumbe ni katibu wake. Kosa la tano: hakusema nani yuko kushoto. Kosa la kumi na mbili: kacheka hewani. Daftari hilo hakumwonyesha mtu. Alilifungua jioni jua lingalipo, akalisoma kama mtu anayekagua shamba lake, na mfupa ukalegea kidogo.

Jumatatu ya wiki ile baraza la mji lilikuwa limebakiza siku tatu kukutana. Kikao kilikuwa Alhamisi saa tatu, na ajenda ilikuwa moja: soko livunjwe au lisivunjwe. Msusi alipitia nyumbani asubuhi kama kawaida yake, na mkate mkononi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umekonda."

"Nitanenepa Ijumaa." Alimwekea simu mbele ya uso. "Hebu, wewe mwenye macho ya picha. Hii imekaaje?"

Ilikuwa picha nyeusi na nyeupe. Mwanamke ameketi chini kando ya vikapu vilivyopinduka, mkono ameuinua juu ya kichwa. Juu yake, ukitokea pembeni, mkono wa mtu na rungu. Askari mwenyewe haonekani, mkono wake tu. Nyuma yao ni nondo za lango, na kwenye nondo hizo unaning'inia mzani mkubwa wa duara.

Mzee Bahasha hakuhitaji kuitazama mara mbili. Iliyokuwa mbele yake ilikuwa sanduku la saba, bahasha ya tisini na tatu. Aliijua kama anavyojua kovu la goti lake. Picha ilipigwa miaka kumi na tisa iliyopita, na aliyeipiga alikuwa rafiki yake mkubwa, marehemu sasa, mtu aliyekuwa akija na picha zingali mbichi, anazipuliza njia nzima. Gazeti halikuichapa. Mzani ule uliondolewa langoni miaka mingi nyuma. Na jinsi picha ilivyoingia mitandaoni nayo aliijua pale pale, kwa uchungu: masika iliyopita paa lilivuja, akazianika picha zake uani kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo, na mpangaji mmoja, fundi cherehani ambaye tangu hapo amehama, alizunguka na simu yake akipiga hii na ile, anasikitika, "Maskini, tazama mateso ya wenzetu." Alipiga nyuso. Nani hupiga migongo?

"Nimetumiwa jana," Msusi alikuwa akisema. "Eti ni ya Jumamosi, lango la nyuma, askari walipowavunja watu mikono. Mimi Jumamosi lango la nyuma sikuwepo. Nimeirusha asubuhi hii, imeshazunguka hadi nimeogopa. Mjomba? Imekaaje?"

Hapo ndipo alipoulizwa. Neno moja lingetosha.

"Nzuri," akasema Mzee Bahasha. "Aliyeipiga anajua kazi yake."

"Natamani nimjue."

"Mm."

Alipoondoka, mzee alifungua daftari. Kosa la thelathini na nane, akaandika, na mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wa makosa yote yaliyotangulia. Miezi sita mji mzima umemsikiliza binti mwenye kitana. Na sasa kuna jambo moja kubwa kuliko yote ambalo yeye hajui, na anayelijua ni mzee mmoja tu ambaye hakuna anayesimama tena kibarazani kwake. Alifumba daftari, akanywa chai yake, na chai ikawa tamu.

Jumanne picha ilitoka kwenye simu ikaingia barabarani. Wanawake wa soko waliipeleka kwenye duka la kuchapa, wakaikuza, wakaibandika kwenye maboksi yaliyokatwa, wakaitia kamba za kuvaa shingoni. Mke wa Mzee Bahasha alikuja kujitazama kwenye kioo chumbani, amevaa yake, imemfunika kuanzia kidevuni hadi magotini.

"Vipi, napendeza?"

Mzee alimtazama. Kifuani mwa mkewe lilikuwa rungu la miaka kumi na tisa, na hatua mbili nyuma yake, ndani ya sanduku la bati, ilikuwa picha yenyewe.

"Angalia wasikusukume," akasema.

"Wakinisukuma mimi, watakuwa wamesukuma ndoo themanini. Zitawafuata hadi kwao."

Alimsindikiza kwa macho hadi kona. Siku nzima hakutulia. Alijiambia atasema baada ya Alhamisi. Alijiambia wakisikia leo watasema mzee kaona kijicho. Alijiambia gazeti lilikuwa na kisanduku, yeye hana, na asiye na kisanduku asahihishe wapi? Mchana, chooni, juu ya ndoo, aliiona barabara yote imejaa picha ya rafiki yake, mamia ya picha ya rafiki yake, na hakuna hata mmoja aliyemtaja. Akamwonea wivu hata marehemu. Halafu akaona aibu, akazima simu.

Jumatano, saa nne asubuhi, gari liliegeshwa mbele ya mlango wa jirani hadi jirani akashindwa kutoka. Akashuka Mhariri. Zamani za picha ile alikuwa mhariri wa habari, kijana mwenye haraka. Sasa alikuwa Mhariri Mkuu, mwenye tumbo na shati lililopigwa pasi hadi mikunjo inakata.

"Hodi, Mzee wetu! Mbona hujazeeka?"

"Nilikuwa nimezeeka mliponiondoa. Sasa nimepata nafuu. Karibu."

Mhariri alicheka kupita kiasi cha mzaha wenyewe. Aliketi, akakataa chai, akasogeza kiti. "Ile picha inayozunguka. Mimi na wewe tunaijua."

"Naijua."

"Unayo?"

Mhariri aliyaona masanduku kupitia mlango wa chumba, akapata jibu lake.

"Sikiliza, Mzee. Kesho, ukurasa wa kwanza: picha ile, na tarehe yake halisi. Saa tatu madiwani wanaingia kikaoni, kila mmoja ana gazeti mezani. Yule binti kasema uongo mmoja, basi na mengine yote aliyosema tangu mwanzo yatahesabiwa hivyohivyo. Soko litakwisha saa tano."

"Yule binti ni mpwa wangu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Alishusha sauti. "Anashika kitana, anajiita mwandishi. Wewe umekaa pale miaka thelathini na moja. Nani anakuja kukuuliza wewe kitu?"

Ni maneno ambayo Mzee Bahasha alikuwa ameyasema moyoni mara mia, neno kwa neno. Lakini kuyasikia kinywani mwa Mhariri kulikuwa kama kumkuta mtu mwingine amevaa nguo yako ya ndani.

"Tutafungua upya chumba cha picha," Mhariri akaendelea. "Masanduku yatarudi kwao. Utapewa ufunguo. Na chini ya picha kesho litakaa jina lako, si jina la utani, jina lako kamili."

Jina lake halikuwahi kuchapwa gazetini hata mara moja. Aliinuka. Miguu yenyewe ilimpeleka kwenye sanduku la saba, vidole vyenyewe vikapata bahasha ya tisini na tatu. Akaitoa picha, akamkabidhi Mhariri kwa mikono miwili.

Mhariri hakutazama uso wa picha. Aliigeuza mara moja. Mgongoni, kwa penseli iliyofifia kidogo tu, paliandikwa tarehe, halafu: "Askari wa mji akimpiga muuza vikapu, lango la mbele la soko, siku ya amri ya kwanza ya kuhama." Halafu mpiga picha. Halafu mstari wa mwisho: "Haikuchapwa. Imezuiwa na Mhariri wa Habari."

"Huu wa mwisho," Mhariri akasema taratibu, "hauhusiani na habari yenyewe."

"Unahusiana na picha."

"Tufute huu tu. Tarehe ibaki, mengine yote yabaki." Akaingiza vidole mfuko wa shati, akatoa kifutio kipya, kingali ndani ya nailoni yake, akakiweka mezani.

Mzee Bahasha alikishika kile kifutio, akakigeuza.

"Hiki umekinunua kabla ya kuja hapa?"

"Nilikumbuka unatumia penseli."

Alikumbuka. Miaka kumi na tisa mtu huyu amepanda ngazi, ameondoa kisanduku cha Tulikosea, amefuta chumba kizima, na kumbe siku zote alikuwa anajua kuna mstari mmoja wa penseli mahali fulani duniani. Mzee Bahasha alihisi kitu ambacho hakukitarajia: alifurahi. Mstari wake ulisomwa. Ulimtesa mtu. Na kwa furaha hiyohiyo alijua kwamba hawezi kuufuta, hata kama angepewa funguo za jengo zima. Hakufikiria soko wakati huo, wala mpwa wake, wala mkewe barabarani. Alifikiria kazi yake. Hiyo ndiyo kweli, na kuipamba hakufai.

"Penseli ya miaka kumi na tisa haifutwi kwa pupa," akasema, akiichukua picha mkononi mwa Mhariri kwa upole kama anayepokea mtoto. "Karatasi itachanika, na utabaki huna picha. Niachie nifanye mwenyewe. Rudi saa nane."

Mhariri aliamini, kwa sababu hakuwahi kujua lolote juu ya karatasi. Gari lilipopinda kona, Mzee Bahasha alivaa shati safi.

Hakuwahi kuingia ndani ya saluni ile. Alisimama mlangoni, bahasha kifuani, na wanawake wanne wakamgeukia kwa pamoja.

"Mzee, unataka kusukwa?" akasema mmoja. "Vua kofia tuone mtaji."

"Huyo ni wa kupaka rangi tu," akadakia mwingine. "Ukutani hakuna nyasi."

"Mwacheni mjomba wangu," Msusi akasema, mikono ndani ya nywele za mteja. Halafu akaona uso wake. "Mama amepatwa na nini?" Ndivyo alivyomwita mke wa mjomba, aliyemlea.

"Hajapatwa na kitu." Akamtolea picha. "Hii si ya Jumamosi. Wala si lango la nyuma."

Msusi alifuta mikono kwa taulo. Aliitazama mbele, akaigeuza, akasoma mgongo wote, midomo ikicheza kama alipokuwa mdogo.

"Ulijua tangu lini, Mjomba?"

"Jumatatu."

"Jumatatu nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuja hadi pale, nikakuwekea mbele ya macho, nikakuuliza."

Angeweza kusema juu ya kigoda cha kinyozi, lakini jambo hilo, ukilitoa nje ya kifua, halina hata kimo cha kusimama.

"Siku mbili Mama ameivaa kifuani," Msusi akasema, na sauti haikupanda, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Na wewe unamsindikiza."

"Mhariri anarudi nyumbani saa nane kuichukua. Anataka kuichapa kesho asubuhi, mstari wa mwisho ukiwa umefutwa." Akaigusa picha kwa kidole. "Zamani tulikuwa tukikosea tunasahihisha kabla hatujaambiwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti. Ukiwahi wewe, utaitwa mkweli; akiwahi yeye, utaitwa mwongo. Kosa ni lilelile."

Msusi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro. Akalivuta kopo la mafuta, akaegemeza simu, akakaa mbele yake bila kujitengeneza, na kitana bado kimechomekwa kichwani.

"Wapenzi, ni mimi," akasema hewani. "Jumatatu niliwapa picha nikawaambia ni ya Jumamosi. Nilikosea. Niliipokea bila kujua imetoka wapi nikaipeleka mbele, na ninyi mkaibeba kwa sababu yangu. Picha ni ya miaka kumi na tisa iliyopita. Nimejua sasa hivi, nimeona niwaambie kabla sijamaliza kichwa cha mteja. Aliyeleta ukweli ni mjomba wangu, mtunza picha. Mjomba, sogea. Onyesha mgongo. Wasomee."

Alisogea. Mteja, kichwa kimesukwa nusu, akamshikia kona ya picha. Akasoma: tarehe, mahali, nani amepiga. Alipolitaja jina la rafiki yake alikohoa, akalirudia lote vizuri. Akasoma na mstari wa mwisho. Kisha akainua macho, na macho, kwa tabia mbaya yaliyoizoea, yakaenda moja kwa moja kwenye ile namba ya juu.

Elfu kumi na moja.

Na maneno yaliyokuwa yakipanda chini ya namba hiyo, mbio kuliko anavyoweza kusoma, yalisema: Msusi mkweli. Msusi hafichi. Ndiyo maana tunakuamini, Msusi. Kumbe walishatupiga tangu zamani na gazeti likaficha, asante Msusi. Mmoja aliandika: na huyo mzee asante. Mmoja.

Mfupa ukapanda kooni.

Mkewe alirudi alasiri, picha bado iko shingoni lakini ameigeuza, upande wa boksi uko mbele. Juu ya boksi mtu alikuwa amemwandikia ile tarehe ya kweli kwa makaa, na chini yake: "Na leo tena." Wote walikuwa wamefanya hivyo, barabara nzima. Alivua kamba, akaegemeza boksi kwenye masanduku.

"Ningepigwa rungu jana," akamuuliza, "mgongoni mwangu ungeandika nini?"

Hakungoja jibu. Akamnyamazia kwa siku mbili, chakula kikiwekwa mezani kwa kishindo.

Mhariri hakuipata picha, basi Alhamisi gazeti lilitoka bila picha halisi, na kichwa kikubwa: "Picha ya uongo yadanganya mji." Asubuhi hiyo Msusi aliitwa kituoni kujibu juu ya picha hiyo. Alikaa benchi saa mbili, akatoka, kwa sababu kila swali waliloandika jibu lake alikuwa ameshalitoa mwenyewe jana mchana mbele ya watu elfu kumi na moja, na aliyekuwa akiuliza alikuwa mmoja wao. Kikaoni diwani mmoja aliinua gazeti juu, akaanza kusoma kichwa kile kwa sauti ya msiba. Wauzaji waliojazana nyuma ya ukumbi walianza kucheka, kwanza mmoja, halafu wote, hadi akaketi. Kisha mwanamke mzee akasimama, mgongo umepinda, akasema yeye ndiye muuza vikapu wa kwenye picha, na kwamba anaomba kuuliza: safari hii rungu litakuwa la rangi gani? Uamuzi ukaahirishwa miezi mitatu. Soko halikuokolewa; lilipewa pumzi. Mzee Bahasha, aliyekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, alijua miezi mitatu ya baraza la mji ni kitu gani. Lakini alijua pia kwamba saa tano ilikuwa imepita na soko bado limesimama.

Ijumaa mkewe alivunja kimya. Alitoka sokoni na mfuko, akaumimina mezani: picha za karatasi, zaidi ya arobaini, zimetolewa kwenye simu ya Msusi na kuchapwa dukani. Ukuta wa mabeseni. Mwenyekiti wa wauza mboga na kipaza sauti. Boksi lililogeuzwa.

"Mwanao anasema hazina migongo. Anasema simu zinakufa, na hataki tena kutumiwa kitu asichokijua kwao. Kila Ijumaa ataleta. Mimi nilimwambia asilete. Kitanda kimeshajaa."

"Yeye mwenyewe mbona hakuja?"

"Ana kichwa cha mtu. Na bado ana hasira, usijifanye hamnazo."

Mzee Bahasha alichonga penseli kwa wembe, akageuza picha ya kwanza. Tarehe. Barabara ya mbele ya soko. Waliokaa mia mbili na kumi na sita. Kushoto, mwenyekiti wa wauza mboga. Akafika mahali pa mpiga picha. Penseli ikasimama. Mahali hapo, kwa miaka thelathini na moja, alikuwa ameandika majina ya wanaume waliobeba mashine shingoni kwa nusu ya maisha yao. Akameza. Akaandika.

Mkewe aliinamia begani mwake, akakaza macho.

"Haya ni maandishi au ni chawa?"

"Penseli imechongoka sana."

"Imechongoka hapa tu?" Akanyoosha mkono juu ya meza, akasukuma mbele yake kile kifutio cha Mhariri, kingali ndani ya nailoni. "Kifungue. Futa, uandike upya mtu asome."

Alikifungua. Alifuta, taratibu, karatasi isichanike, akapuliza vumbi. Akaandika tena jina la mpwa wake, kubwa kidogo kuliko mwanzo. Si kubwa sana.